Wawili jukwaani bila besi: kabare yenye nguvu ya panki inavyosimama

Swali la msomaji wetu wa Arusha: "Mimi napapasa kinanda na kuimba, mwenzangu anapiga drams. Tuko wawili tu. Tunawafuatilia sana The Dresden Dolls wa Marekani na tungependa kwenda njia ile, kabare yenye hasira ya panki. Tumeshafanya maonyesho mawili, mimi mbele na drams nyuma yangu. Mara zote mbili watu wamesifia rangi tulizopaka usoni, ila hakuna aliyejua nyimbo zinasema nini. Fundi mitambo katuambia tutafute mtu wa besi. Tunakosea wapi?"

Dada, achaneni kwanza na habari ya kutafuta mtu wa besi. Fundi mitambo amesikia vizuri, chini kwenu kunapwaya, lakini pengo hilo linazibwa na mkono wako wa kushoto. Kubwa zaidi ni hilo la maneno. Mtu akitoka ukumbini anakumbuka rangi ya uso na hakumbuki hata mstari mmoja, kabare, yaani onyesho la nyimbo na maigizo la ukumbi mdogo, haijafanyika, hata kama mmevaa na kutoka jasho sawasawa. Kwa ulivyoeleza, karibu kasoro zote zinatoka mahali pamoja: mnapiga kwa sauti kubwa mno, na mnapiga hivyo mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na hao mnaowafuata, kwa sababu wengi wanaowaiga huiga kinachoonekana. The Dresden Dolls ni Amanda Palmer kwenye kinanda na sauti, na Brian Viglione kwenye drams. Walianza Boston mwaka 2000, Viglione alipomsikia Palmer akiimba peke yake kwenye sherehe ya Halloween. Wakati huo Palmer alikuwa akijipatia riziki kama sanamu hai pale Harvard Square, Cambridge, jirani na Boston: amevaa gauni la bibi harusi, uso mweupe, amesimama juu ya kisanduku, hatikisiki mpaka mtu adondoshe sarafu, ndipo anainama taratibu na kumpa ua. Mwaka 2003 walishinda Rock & Roll Rumble, shindano la bendi la redio ya WBCN ya Boston, na mwaka huohuo wakatoa albamu ya kwanza kwa nguvu zao wenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Roadrunner ikaitoa upya. Mwaka 2005 wakawa wanawafungulia jukwaa Nine Inch Nails, bendi ya roki ya Marekani, Aprili 2006 ikatoka albamu ya pili, na Desemba ya mwaka huo walikuwa ndani ya mchezo wa jukwaani wa American Repertory Theatre. Miaka sita tu tangu ile sherehe, wamefika kwenye kumbi za roki na kwenye ukumbi wa tamthilia, wakiwa bado wawili.

Palmer ndiye aliyeuita muziki wao "kabare ya panki ya Kibrecht", akikusudia kuwawahi waandishi wasije wakawabandika jina la goth, ile roki ya giza na huzuni. Jina hilo lisomeni neno kwa neno. Kabare ilianza kupata sura yake Le Chat Noir, Montmartre, Paris, mwaka 1881: ukumbi mdogo, watu wana vinywaji mezani, na msanii yuko karibu nao kiasi cha kuwatazama machoni. Kwa Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, fikirini Berlin, tarehe 31 Agosti 1928, ukumbi wa Theater am Schiffbauerdamm, siku ilipofunguliwa opera aliyoitunga pamoja na mwanamuziki Kurt Weill. Brecht hakutaka mwimbaji azame ndani ya mhusika. Alitaka amwoneshe mhusika, kama shahidi anayeeleza jinsi ajali ilivyotokea. Mwimbaji anaacha mchezo, taa inabadilika, anageukia watu, anaimba, anarudi kwenye mchezo. Palmer aliwahi hata kuligeuza jina la Kurzweil lililoandikwa kwenye kinanda chake likasomeka Kurt Weill. Panki nayo, ile ya New York na London ya katikati ya miaka ya 1970, ilileta wimbo mfupi, noti chache, na mwili mzima kazini.

Hapo ndipo penye utamu na ndipo penye shida. Kabare inataka ukimya ili neno lisikike, panki inataka kishindo. Ukivichanganya nusu kwa nusu unapata kitu vuguvugu. The Dresden Dolls hawachanganyi hivyo, wanapokezana. Sikilizeni namna ubeti unavyoweza kubaki na kinanda kidogo na sauti inayokaribia kunong'ona, kisha kwa pigo moja kila kitu kinalipuka kwa mistari minne, halafu kimya. Kishindo kinatisha kwa sababu kabla yake kulikuwa na unong'ono. Ninyi mkianza na kishindo, hamna tena mahali pa kwenda.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kushusha drams, na kuna sababu ya kifundi. Drams zikipigwa kwa nguvu kwenye ukumbi mdogo hupita desibeli 100 zenyewe, bila spika. Sauti yako inapita kwenye maiki, na maiki ukiipandisha kupita kiwango fulani inapiga mluzi. Fundi mitambo hana uwezo wa kukuinua juu ya drams ambazo haziko mikononi mwake. Anachoweza ni kuisogeza sauti yako mpaka ukingoni mwa mluzi, na hapo neno linasikika kama limesemwa ndani ya debe. Lazima drams zishuke kuifuata sauti.

Mwenzako awe na vifaa vinne vya kupigia badala ya kimoja: fimbo za kawaida, brashi za nyaya, fimbo za mafungu (vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja) na virungu vya kichwa laini. Beti zote zianze na brashi au mafungu. Fimbo za kawaida zihifadhiwe kwa kiitikio cha mwisho na kwa nyimbo mbili tatu za panki tupu. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, iwekewe kitambaa kidogo cha jikoni, kifunike theluthi moja ya ngozi kwenye ukingo wa mbali na mpigaji. Akitaka mlipuko anakitupa chini kwa mkono mmoja, na huo wenyewe ni mchezo wa jukwaani. Matoazi yawe membamba, inchi 14 hadi 16. Toazi zito la inchi 20 linamwaga sauti ndani ya maiki yako na kufunika zile s, sh, ch na k zinazomwezesha mtu kutofautisha neno na neno. Ngoma ya mguu iwekewe blanketi ndani, liguse ngozi zote mbili kidogo tu. Likijazwa sana pigo linakuwa kama mtu anagonga kasha la kadibodi.

Kisha fanyeni jaribio hili kabla ya kitu kingine chochote. Chumba cha mazoezi, hakuna maiki. Mwiteni mtu asiyejua nyimbo zenu, akae mita tano kutoka kwenu na daftari, aandike kila mstari anaousikia. Pigeni wimbo mzima. Kwenye beti anatakiwa apate mistari yote. Kwenye kiitikio angalau neno la mwisho la kila mstari. Kila mstari alioukosa, angalieni drams zilikuwa zinafanya nini hapo. Mara nyingi mtakuta mwenzako ameweka mbwembwe juu ya silabi zilezile zenye habari. Mbwembwe ziwekwe unapovuta pumzi. Ndiyo tabia ya Viglione inayofaa kuigwa kuliko kofia yake: anapiga akifuata sentensi, anasubiri ifike mwisho, kisha anajibu.

Sasa mkono wa kushoto. Kinanda cha funguo 88 kinashuka hadi Hz 27.5 (mitetemo kwa sekunde), chini zaidi ya gitaa la besi la nyuzi nne ambalo mwisho wake ni Hz 41. Sauti za besi mnazo tayari, ila kwa ulivyoeleza nadhani unacheza noti tatu zilizobanana chini kabisa, na huko zinageuka tope. Kuanzia oktava moja chini ya C ya kati kwenda chini, mkono wa kushoto upige oktava tupu, au noti na ya tano yake. Noti ya tatu, ile inayoamua huzuni au furaha, iachie mkono wa kulia. Mkono wa kulia nao uondoke mahali sauti yako inapokaa. Sauti ya mwanamke anayeimba kwa utulivu hukaa sana kati ya Hz 200 na 500, yaani kuanzia chini kidogo ya C ya kati hadi karibu oktava moja juu yake. Wakati wa ubeti panda juu ya hapo, au ukae kimya kabisa na uache oktava za kushoto zitembee peke yake. Mstari wa besi unaotembea chini ya sauti tupu unatosha ubeti mzima, na watu watainama mbele kusikiliza.

Kuna kumbi zina spika mbili za inchi 12 tu, hazina spika ya besi chini. Nyingi za aina hiyo huanza kuchoka chini ya Hz 60. Ukipiga E ya chini kabisa hapo, kidole kimefanya kazi na hakuna aliyesikia. Dawa ni kuongeza oktava ya juu yake. Sikio la binadamu likipata sauti za juu za noti hujazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Wakati wa kupima mitambo piga noti moja moja ukishuka, mwambie mwenzako asimame katikati ya ukumbi ainue mkono pale besi inapopotea. Hiyo ndiyo sakafu yenu ya usiku huo, msishuke chini yake.

Pigo la mguu na mkono wa kushoto vianguke pamoja kabisa. Vikiachana hata kidogo, chini panakuwa na kigugumizi na ukumbi mzima unahisi bendi imelegea bila kujua kwa nini. Kwa hiyo spika ya kujisikilizia ya mpiga drams iwe na kinanda kwanza, sauti yako ya pili, na ngoma yake mwenyewe isiwemo.

Mambo ya kinanda yanayoharibu onyesho nitayataja harakaharaka. Stendi ya X hutikisika ukipiga kwa hasira, tafuta ya miguu minne. Pedali huteleza, ibandike kwa utepe mzito wa kitambaa. Usikanyage pedali wakati unawasha kinanda, kwa kuwa vinanda vingi hupima pedali wakati huo, na ukiikanyaga inageuka: ukiachia noti zinaendelea, ukikanyaga zinakatika. Ikitokea, zima, ondoa mguu, washa tena. Kama fundi ana njia moja tu ya kukupa, chomeka tundu la kushoto lililoandikwa mono. Ukichomeka la kulia peke yake, kwenye vinanda vingi unapoteza nusu ya sauti. Na uzito wa funguo uuweke kwenye mpangilio mgumu. Ukiwa na joto la jukwaa kila kidole kinashuka kwa nguvu za mwisho, na mpangilio mwepesi utakufanya upige kwa ukubwa uleule usiku mzima hata kama unadhani unanong'ona.

Mkao wenu pia ubadilike. Wewe mbele na drams nyuma yako maana yake maiki yako inakutazama wewe na, nyuma ya kichwa chako, inazitazama drams moja kwa moja. Maiki ya kawaida ya kuimbia kama Shure SM58 hupokea sana mbele na husikia kidogo kabisa mgongoni. The Dresden Dolls hukaa wote wawili mbele ya jukwaa, wakitazamana, kila mmoja amewapa watazamaji ubavu. Watu huona hapo mapenzi na ugomvi wa wahusika wawili, na ni kweli upo, lakini mkao huo unasaidia mitambo vilevile: ukimtazama mpiga drams na maiki ikaja kutoka mbele ya uso wako, mgongo wa maiki ndio unaoelekea drams. Spika ya kujisikilizia iwekwe sakafuni nyuma ya maiki, ikikutazama. Midomo iwe sentimita mbili au tatu kutoka kwenye maiki, na usikifunike kichwa chake kwa kiganja, kwani ukifanya hivyo kinasikia pande zote na mluzi unakuja. Mwombe fundi akate sauti ya maiki chini ya Hz 100, na kwenye kinanda apunguze kidogo, desibeli tatu hivi, karibu na Hz 2,500 hadi 3,000. Hapo ndipo konsonanti zinapoishi, kinanda kipishe.

Mkitazamana mtapata na faida ya tatu, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: ukimya. Kimya cha sekunde mbili katikati ya wimbo mkali kinafanya ukumbi ushike pumzi. Kinaharibika kwa njia mbili. Mpiga drams anaogopa kimya akagusagusa toazi, au mnarudi kila mtu kwa wakati wake. Msihesabu kichwani. Kubalianeni kwamba anayerudisha ni wewe, na ishara ni pumzi: unainua kidevu, unavuta hewa kwa mdomo kwa namna inayoonekana, unaposhusha kidevu wote mnaanguka. Mazoezini mrefushe kimya hicho kila siku, sekunde moja, mbili, nne, hadi mwenzako aache kabisa kukisia na abaki kukutazama tu.

Midundo ya kabare mingi ni miwili. Upo wa hesabu ya mbili, kushoto chini, kulia juu, kama bendi ya barabarani. Karibu mapigo 120 kwa dakika unatembea, 180 na kuendelea unageuka panki bila kubadilisha noti hata moja. Na upo walsi, hesabu ya tatu: ngoma ya mguu kwenye moja, brashi kwenye mbili na tatu. Kosa la kawaida ni kupiga mbili na tatu kwa uzito uleule, ikawa kama gwaride la wanafunzi. La pili lizidi la tatu kidogo, ndipo mdundo unayumba kama mtu aliyelewa anayejitahidi kusimama wima. Mwenzako kama amewahi kupiga chakacha, hesabu ya sita iko tayari mwilini mwake, na kutoka hapo hadi walsi ya haraka ni hatua fupi. Namshauri aitumie badala ya kujifanya Mjerumani.

Walsi inayoongeza mwendo mpaka inakaribia kuvunjika ni silaha ya zamani ya kabare. Inataka nidhamu kuliko hisia. Chukueni metronomu ya simu, pigeni mistari minane kwenye mapigo 90, minane kwenye 100, minane kwenye 110, hivyohivyo hadi 180, bila kuimba. Mkishazoea ngazi hizo mwondoe metronomu na mwimbe. Wengi hutumia mbio zote ndani ya ubeti wa pili, kisha dakika nzima iliyobaki wanakimbia mahali pamoja. Nusu ya kwanza ya wimbo isivuke 110.

Sasa uimbaji wa Kibrecht kwa vitendo. Chukua karatasi ya maneno, pembeni mwa kila ubeti andika kitenzi kimoja: anamsuta, anambembeleza, anamshtaki, anamsengenya, anajitetea. Beti mbili zinazofuatana zisiwe na kitenzi kimoja. Kisha imba kila ubeti ukifanya tendo hilo kwa mtu fulani ukumbini, ukimtazama, na ubeti ukiisha unamwacha kabisa na kuhamia kwa mwingine. Usilie. Msanii akilia yeye, mtazamaji anakaa kumwangalia anavyolia. Waimbaji wa taarabu wanaotupa mipasho wanalijua hili vizuri: sauti imetulia, uso haujakunjamana, leso mkononi, na aliyekusudiwa anajua ni yeye. Nenda kawatazame wakiwa kazini, wako karibu nawe kuliko Berlin.

Kuhusu rangi za uso, kwanza jiulizeni zinasema nini hapo mlipo. Uso mweupe wa Palmer unatoka kwenye sanamu zake za mtaani na kwenye mila ndefu ya Ulaya ya wachekeshaji bubu. Arusha uso uliochorwa chokaa nyeupe pamoja na nguo nyeusi una maana yake tayari: ni vijana wa Kimaasai waliotoka jando, na kila mtu kwenu ameshawaona kando ya barabara. Mkipanda hivyo, nusu ya ukumbi itasoma jambo ambalo hamkulisema, na wengine watakwazika kwa haki. Kinachofanya kazi katika rangi hizo ni mtu wa mwisho ukumbini kuona nyusi na mdomo vinavyosogea. Kwenye ngozi nyeusi mnaweza kulipata hilo bila kufunika uso mzima: nyeupe au dhahabu juu ya kope hadi chini ya nyusi, nyusi zichorwe upya juu kidogo ya mahali pake, mdomo mwekundu mzito wenye ukingo mweusi. Taa ikiwaka macho yanaonekana hadi mlangoni.

Mkiamua kupaka uso wote, tumieni rangi za jukwaani za mafuta. Za maji humomonyoka kwa jasho, na mpiga drams atakuwa amebaki mistari mitupu kufikia wimbo wa nne. Jaribuni kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, saa 24 kabla. Pakeni tabaka la kwanza jembamba kwa sponji, mkigonga bila kusugua, kisha poda nyeupe isiyo na harufu, msubiri dakika tano, mfute iliyozidi kwa brashi laini, ndipo tabaka la pili, na poda tena. Tabaka moja nene hupasuka. Ukilitazama kwa karibu utaona linaanza kwenye mikunjo ya mdomo, mstari mwembamba kama ufa wa sahani, na kwa mwimbaji unafika shavuni kabla ya nusu saa. Mpiga drams aache upana wa kidole bila rangi chini ya nywele na afunge kitambaa, jasho lisibebe rangi hadi machoni. Kuondoa, mafuta ya nazi kwanza, futa, kisha sabuni. Rangi za shule na za ukutani zisiguse uso wa mtu.

Mpangilio wa onyesho la dakika 45 uwe na nyimbo tisa au kumi. Anzeni na wa katikati, maneno wazi, drams kwa brashi, ili sikio la ukumbi lizoee kufuata sentensi. Panki ya kwanza ije ya tatu. Msiweke walsi mbili za haraka jirani. Ya saba iwe ya kinanda na sauti tu, mwenzako akae akusikilize mbele ya watu, au afanye kama Viglione anavyofanya kwenye nyimbo chache, aache drams na ashike gitaa la kawaida. Baada ya hapo ndipo mlipuke. Masikio yenu nayo muyalinde: kwenye desibeli 100, wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri zisizidi dakika 15 kwa siku. Vizibo vya masikio vivaliwe mazoezini, kila siku, na mwenzako avivae hata jukwaani.

The Dresden Dolls walikuwa na kikosi cha mashabiki walichokiita Dirty Business Brigade: sanamu hai, wachezea moto na wachoraji, wakifanya vituko kwenye foleni na kati ya meza kabla bendi haijapanda. Hilo mnaweza kulifanya kwa watu watatu na gharama ndogo. Mmoja asimame mlangoni bila kutikisika akiwa amevaa kama mmoja wa wahusika wa nyimbo zenu, mwingine agawe vikaratasi vyenye mstari mmoja wa wimbo, tofauti kwa kila meza. Mstari huo ukifika kwenye wimbo, meza ile itausikia, hata kama mitambo ni mibovu.

La mwisho ni umeme. Kinanda kinachotumia wati 20 au 30 kinabebwa na UPS (betri ya akiba ya umeme) ndogo ya VA 650, na mkikosa UPS umeme ukikatika na kurudi kinaanza upya na mipangilio yote imepotea. Spika za ukumbi hazina UPS, kwa hiyo muwe na wimbo mmoja ulioandaliwa kwa giza. Umeme ukikatika, mwenzako asisimame hata pigo moja: ahamie snea na brashi, mkiwa palepale kwenye mwendo. Wewe unainuka, unazunguka kinanda, unakuja ukingoni mwa jukwaa, unaimba bila maiki ukimtazama mtu wa meza ya kwanza. Fanyieni mazoezi wimbo huo kila wiki, taa zimezimwa, yule mwenye daftari akiwa kwenye kiti chake mita tano mbali.